Kifumbu cha Warepublican: Mhadhara Kuhusu Mchujo wa 2016

Asante sana, Mwenyekiti. Shikamooni wazee wangu mlioko mbele. Na ninyi vijana mlioegemea ukuta, habari za jioni. Kuna viti viwili hapa pembeni, njooni mkae, hili jambo lina hesabu ndani yake.

Nianze na deni. Agosti 2015 niliwekeana dau la mbuzi na shemeji yangu. Yeye anaishi Columbus, jimbo la Ohio, anaendesha lori. Wagombea wa Republican walikuwa ndiyo kwanza wamemaliza mdahalo wao wa kwanza kule Cleveland, akanipigia simu, akasema, "Shemeji, huyu Trump anachukua." Nikacheka. Nikamwambia Krismasi haimkuti. Nikamweleza na sababu, kwa kirefu, maana mimi ndiye msomi na yeye ndiye dereva.

Sababu zangu hazikuwa za kijinga, naomba mnielewe. Nate Silver, mtakwimu aliyejijengea jina kwa kubashiri chaguzi za 2008 na 2012, mwezi uleule alimpa Trump nafasi ya asilimia 2 hivi ya kuteuliwa. Mei 2016 alilazimika kuandika makala ndefu ya kujikosoa. Kwa hiyo niliaibika katika kundi zuri.

Sababu ya kwanza ilikuwa mdomo wake. Trump alitangaza nia tarehe 16 Juni 2015, akashuka kwa ngazi za umeme katika jengo lake mwenyewe pale New York, na siku hiyohiyo akawatukana wahamiaji wa Mexico. Mwezi mmoja baadaye, akiwa Ames, jimbo la Iowa, akamgeukia Seneta John McCain, mtu aliyekaa zaidi ya miaka mitano mikononi mwa maadui huko Vietnam. Alisema yeye anawapenda wale ambao hawakutekwa. Hayo anayasema katika chama kinachowaheshimu wanajeshi kama mababu! Sisi tumelelewa na msemo kwamba mdomo uliponza kichwa. Nikangoja kichwa kiponzwe. Kura za kutafuta maoni zikapanda. Desemba 7 akataka Waislamu wazuiwe kuingia Marekani. Hapa ukumbini naona wenye ndugu Minnesota na Ohio, mnakumbuka simu za wiki ile. Zikapanda tena. Wapiga kura wa mchujo walipohojiwa milangoni mwa vituo, wengi wao walisema wanaliunga mkono jambo hilo.

Sababu ya pili ilikuwa historia ya karibu. Mwaka 2011, kuelekea uchaguzi wa 2012, Warepublican walimpenda Michele Bachmann mwezi mmoja, Rick Perry mwezi uliofuata, Herman Cain baada yake, kisha Newt Gingrich. Mwisho wakaolewa na Mitt Romney, yule yule waliyekuwa wakimkwepa. Nilidhani Trump ni mchumba mwingine wa kiangazi.

Sababu ya tatu ndiyo nzito, na hapa nitakaa kidogo.

Neno "mchujo" tunalitumia bila kulifikiria. Kuchuja ni kazi ya jikoni. Nazi imekunwa, maji yametiwa, unakamua ndani ya kifumbu: tui linapita, machicha yanabaki. Swali la maana katika siasa ni moja. Nani ameshika kifumbu?

Mwaka uleule, Julai 2015, sisi wenyewe tulikuwa Dodoma. Wanachama wa CCM wapatao 40 walichukua fomu za urais. Edward Lowassa alikuwa ameizunguka nchi, ana watu, ana mtandao, na ukumbini wajumbe waliimba kwamba wana imani naye. Jina lake halikufika hata kwenye tano bora. Wakubwa walikaa, wakakamua, na mwisho wa safari Mkutano Mkuu ukampa John Magufuli asilimia 87. Lowassa akahamia CHADEMA kabla Julai haijaisha, akapata takriban asilimia 40 ya kura za nchi. Mtu wa asilimia 40 ya nchi hakupita mlango wa chumba kimoja. Sisemi kama ni vizuri au vibaya. Nasema kifumbu kilikuwa mikononi mwa watu wanaojulikana kwa majina.

Marekani nayo zamani ilikuwa hivyo. Mwaka 1968 chama cha Democratic kilimteua Hubert Humphrey kwenye mkutano mkuu wa Chicago, ilhali hakushindana katika kura ya mchujo ya jimbo lolote. Nje ya ukumbi polisi na vijana wakapigana mitaani. Aibu ile ikaleta mageuzi, na kuanzia 1972 mamlaka ya kuteua yakahamia kwa wapiga kura, kwa vyama vyote viwili. Hata hivyo wanasayansi wa siasa, mimi nikiwa mmoja wao, tuliendelea kufundisha kwamba wazee wa chama bado wanaamua kwa njia ya pembeni. Wanamuunga mkono wamtakaye, fedha zinamfuata, magazeti yanamfuata, wananchi nao wanafuata. Na Trump hakuwa na mtu. Hadi mwisho wa Februari 2016 hakuna hata seneta mmoja aliyesimama naye. Wa kwanza alikuwa Jeff Sessions wa Alabama, tarehe 28. Jeb Bush, mtoto wa rais na ndugu wa rais, alikuwa na mfuko wa kumpigia debe uliokusanya zaidi ya dola milioni 100.

Basi ikawaje?

Tuhesabu sasa. Wagombea wakubwa walikuwa 17. Mdahalo wa kwanza haukuwatosha, wakaingizwa 10 waliokuwa juu kwenye kura za kutafuta maoni, waliobaki wakapewa kipindi chao saa za jioni mapema, kama watoto wanaolishwa kabla ya wageni kufika. Kwa hiyo umaarufu ndio uliokupa kiti, na kiti kikakuongezea umaarufu. Watu milioni 24 walitazama usiku ule. Walipoulizwa nani hayuko tayari kuahidi kumuunga mkono mshindi, mkono mmoja tu ulipanda. Mnajua wa nani.

Ikaja mwaka 2016 wenyewe. Iowa, tarehe 1 Februari, Ted Cruz, seneta wa Texas, akashinda na Trump akawa wa pili kwa asilimia 24. Nikampigia shemeji simu nimcheke, na hiyo ndiyo simu ya mwisho ya furaha niliyoipiga. New Hampshire Trump akapata asilimia 35, wa pili yake John Kasich, gavana wa Ohio wakati huo, akiwa na asilimia 16 hivi. South Carolina, tarehe 20 Februari, akapata asilimia 32.5. Sikilizeni hapo: kati ya wapiga kura watatu, wawili hawakumtaka. Wajumbe wa jimbo lile walikuwa 50. Alichukua wangapi?

Hamsini. Wote.

Nasikia kicheko kwenye neno "wajumbe", kwa kuwa mwaka 2020 mitaa yetu yote iliimba kwamba wajumbe si watu wazuri. Wajumbe wa Marekani ni wa namna nyingine. Wengi wao wamefungwa na matokeo ya jimbo lao katika duru ya kwanza ya kura kwenye mkutano mkuu unaoteua mgombea. Ni wabebaji wa kura. Hawawezi kulala na huyu wakaamka na yule. Trump alihitaji 1,237 kati ya 2,472.

Na sheria za kuwagawa ziliwekwa na nani? Na haohao wazee wa chama. Baada ya Romney kuchoshwa na mchujo mrefu wa 2012, viongozi wa Republican waliufupisha msimu, wakauleta mkutano mkuu mapema zaidi, Julai, wakapunguza midahalo, na wakaruhusu majimbo yanayopiga kura kuanzia tarehe 15 Machi, mbali na yale machache ya mwanzo kama South Carolina, kumpa mshindi wajumbe wote. Nia yao ilikuwa njema: anayeongoza amalize mapema, asichafuliwe. Waliijenga ngazi hiyo wakimfikiria mtu wa aina ya Bush. Tarehe 15 Machi, Florida, jimbo ambalo Bush aliwahi kuwa gavana na Marco Rubio alikuwa seneta wake, Trump alipata asilimia 46 na kuondoka na wajumbe 99 kati ya 99. Bush alikuwa ameshajitoa usiku ule wa South Carolina. Rubio akajitoa usiku wa Florida, nyumbani kwake.

Mtauliza, hao wengine walikuwa wapi? Walikuwa wakipigana wao kwa wao. Kila mmoja aliamini Trump ataanguka mwenyewe, na kazi yake ni kuwa wa pili siku hiyo ikifika. Cruz alimsifu mwaka mzima wa 2015 akitarajia kuwarithi wapiga kura wake. Mfuko wa Bush ulitumia mamilioni kumchafua Rubio. Chris Christie, gavana wa New Jersey wakati huo, katika mdahalo wa New Hampshire, alimkamata Rubio akirudia sentensi ileile kama aliyekariri, akamwaibisha mbele ya taifa. Siku chache baadaye Christie mwenyewe akawa nje, na kabla Februari haijaisha akawa amesimama nyuma ya Trump. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Romney alipojitokeza tarehe 3 Machi kumwita Trump tapeli, majimbo 15 yalikuwa yameshapiga kura.

Kuna ushahidi mwingine ninaoupenda zaidi, ambao wengi hawauweki pembeni ya huu. Mwaka uleule chama cha pili nacho kilikuwa na mtu wake wa kuwasema wakubwa: Bernie Sanders, seneta wa Vermont, mzee wa miaka 74, akiwashambulia matajiri wa Wall Street. Akashindwa na Hillary Clinton. Magazeti yakaandika kwamba Wademocrat waliukataa moto na Warepublican wakaukumbatia. Sasa tazameni kura. Sanders alipata takriban milioni 13, yaani asilimia 43. Trump alipata takriban milioni 14, yaani asilimia 45. Tofauti ya pointi mbili! Mmoja akawa historia ya pembeni, mwingine akawa rais. Ila Sanders alikuwa na mpinzani mmoja wa maana, na kwa Democratic wajumbe wa kila jimbo hugawanywa kwa uwiano wa kura, hakuna kuzoa. Juu ya hapo kulikuwa na wajumbe wa vyeo, maseneta na magavana waliokuwa huru kumchagua wamtakaye, na karibu wote walikuwa wa Clinton. Mpe Sanders wapinzani 16 na sheria za Florida, kisha turudi hapa tujadili upya.

Ningeweza kuishia hapo nikapigiwa makofi. Lakini kuna mahali hoja yangu inachechemea, na heri niseme mwenyewe kabla Profesa pale nyuma hajaninyooshea mkono. Kama kila kitu ni hesabu na mgawanyiko, basi wapinzani walipopungua Trump angekwama. Hakukwama. New York, tarehe 19 Aprili, alipata karibu asilimia 60, mara yake ya kwanza kuvuka nusu katika jimbo lolote. Wiki iliyofuata majimbo matano ya mashariki, yote zaidi ya nusu. Indiana ikafuata tarehe 3 Mei, Cruz akajitoa, kesho yake Kasich. Kwa hiyo alikuwa na kitu zaidi ya bahati ya idadi.

Kitu gani? Turudi Greenville, South Carolina, mdahalo wa tarehe 13 Februari. Jimbo la wanajeshi, jimbo lililowapa ushindi Bush baba na Bush mwana. Trump akasema pale jukwaani kwamba vita vya Iraq vilikuwa kosa kubwa na kwamba wananchi walidanganywa kuhusu silaha. Ukumbi ukamzomea. Wachambuzi wakaandika tanzia. Jumatatu, Bush mwana akaja mwenyewe kumnadi ndugu yake. Jumamosi, Trump akashinda. Waliokuwa ukumbini walikuwa watu wa chama, wenye kadi na mialiko. Waliopiga kura walikuwa watu waliozika vijana wao, na kwa miaka 10 ilikuwa nadra mgombea wa chama chao kuwaambia hivyo kwa sauti. Vivyo hivyo kuhusu viwanda vilivyohamia nje, na kuhusu pensheni za wazee, ambazo wenzake walitaka kuzipunguza naye akaapa hazigusi. Sisi tulisikia matusi. Wao walisikia matusi na haya mengine pia.

Mwaka 2024 siuongelei sana. Wakati huo alikuwa mwenye chama. Hata kwenye midahalo hakwenda, na Iowa alianza na asilimia 51. Hakuna cha kubashiri mtu akishika kifumbu mwenyewe.

Swali? Ndiyo, dada.

Dada anauliza kama mbuzi alilipwa. Alilipwa. Shemeji alikuja likizo Desemba 2016 na tukamchinja. Nilijaribu kumpunguzia kwa kumkumbusha kwamba katika mchujo jimbo lake mwenyewe, Ohio, lilimchagua Kasich, na kwa pointi 11 zaidi. Akanisikiliza, akaendelea kutafuna, kisha akaniuliza kama ini limebaki.