Kodi hamdaiwi, mnadaiwa fomu

Haya jamani, maiki inasikika? Nyuma huko? Sawa. Mwenyekiti kanipa dakika ishirini na anajua mimi dakika ishirini huwa zinaishia kwenye salamu, kwahiyo salamu naruka. Wale mlionisikia mwaka jana kwenye arobaini ya mzee wetu mtanisamehe, maneno ni yale yale, na nitayasema mpaka mnichoke.

Simu ninayopigiwa kila wiki ni hii: kaka, mama kafariki Dar, nyumba imeuzwa, ndugu wananitumia mgao wangu, Marekani watanikata ngapi? Nawajibu sifuri. Serikali kuu ya hapa haimtozi mrithi kwa alichorithi, kodi ya mirathi wanaitafuta kwenye mali ya marehemu kabla haijagawanywa, na marehemu wetu kafia Temeke, hajawahi kuishi huku wala hakuwa hata na kijiko chake huku, watamdai nini? Na nyumbani nako haipo, Tanzania hakuna kodi ya mirathi, Kenya waliifuta tangu 1982. Basi mtu akishasikia sifuri anashukuru Mungu anakata simu. Usikate simu! Mimi ndo kwanza naanza kuongea na wewe ushakata simu.

Kuna dada mmoja, jina silitaji na mji alioko sisemi maana mtamjua. Mama yao aliacha nyumba Kariakoo, ile nyumba yetu ya Kiswahili, vyumba sita na korido katikati, choo uani. Kariakoo mnaijua, nyumba haina thamani, thamani ni kiwanja, akaja mtu anataka kupandisha ghorofa, wakauza, wakagawana watoto sita. Wamefanya vizuri kabisa, kikao cha ukoo kimekaa, msimamizi kateuliwa, fomu namba 4 ya mahakama ya mwanzo, ile inayomthibitisha msimamizi, ipo, kila kitu. Mgao wa dada ukawa dola 180,000. Kaka yake akatuma mara nne mwaka ule ule, 60,000, 50,000, 40,000, 30,000. Dada akaniambia baadae, mimi nilisikia mwisho ni laki moja na kila mara ilikuja chini ya laki, nikajua niko salama.

Laki moja ni ya mwaka mzima, sio ya kila mara unayotumiwa! Marehemu ni mmoja, mirathi ni moja, ukate vipande kama mua, jumla ni ile ile. Na ndugu wanajumlishwa, kaka akituma 30,000, shangazi 40,000, binamu 50,000, usinambie watu watatu tofauti, hao kwa IRS, watoza kodi wa Marekani, ni mfuko mmoja. Ikishapita dola 100,000 kwa mwaka na wewe ni raia au una grinikadi, au umekaa siku za kutosha kuhesabiwa mkaazi, unajaza fomu 3520. Haina kodi hata senti, ni kutoa taarifa tu kwamba nimerithi. Muda wake ni ule ule wa ritani, yaani taarifa yako ya kodi ya kila mwaka, aprili 15, ukiomba kuongezewa muda ni oktoba 15, ila haiingii ndani ya ritani, inaenda peke yake, kwenye bahasha, kwa posta, mpaka Ogden kule Utah. Ndo maana mtu anafanyiwa ritani kila mwaka kwenye vile vibanda vya msimu na hakuna anayemuuliza, program inamuuliza mshahara na watoto, haimuulizi kama mama kafariki.

Adhabu yake sasa. Asilimia 5 ya ulichopokea kwa kila mwezi uliochelewa, mwisho asilimia 25. Piga hesabu ya dada: dola 45,000. Kwa kodi ya sifuri! Na yeye wala hakukamatwa, alipata habari miaka mitatu baadae kwenye msiba mwingine, akajaza mwenyewe, akatuma mwenyewe kwa nia njema, barua ikarudi ya elfu arobaini na tano. Akanipigia analia, nikadhani kuna mtu kafa.

Tukaanza kujitetea, na hapa ndo mnisikilize. Tunahitaji mkataba wa mauzo, namwambia aombe kwa kaka. Kaka kapiga picha kwa simu, mkataba uko mezani, na kikombe cha chai kimekaa juu ya tarakimu. Namwambia atoe kikombe. Picha ya pili kikombe hakipo ila kimeacha duara la chai pale pale kwenye ile bilioni. (Kicheko.) Mnacheka, mimi nilikaa na ile duara wiki mbili. Ikabidi tutafute nakala kwa wakili aliyewaandikia, tutafsiri fomu namba 4, tutafsiri muhtasari wa kikao cha ukoo, wenye majina mpaka ya walioleta soda. Mwaka na nusu. Mwisho wakaifuta ile adhabu, lakini mwaka na nusu dada hakuigusa ile hela, kanyumba alikokuwa anataka kununua kakachukuliwa na mwingine.

Kuna aliyenifuata pale mlangoni akaniambia siku hizi wamelegeza. Ni kweli, oktoba 2024 mkuu wa IRS wa wakati ule, Danny Werfel, alitangaza hawatapiga tena adhabu hapo hapo kwa urithi na zawadi za kutoka nje, kwanza watasoma maelezo yako ya kwanini umechelewa. Vizuri. Lakini sheria haijafutwa, na maelezo lazima uwe nayo, "sikujua" peke yake sio maelezo.

Na yule anayesema moyoni, kwani watajuaje? Wewe mwenyewe utawaambia, siku unataka nyumba na mkopeshaji anauliza hii hela ya kianzio ilitua lini na imetoka wapi. Utasema umeokota?

Kingine, hii tabia ya kusema "mtumieni yeye, wote wa huko atawagawia". Wewe ndo umepokea, jina ni lako, fomu itakuwa yako, na hao uliowagawia hawatakumbuka. Kila mtu atumiwe chake. Na msichanganye na ile kodi ya asilimia moja iliyoanza januari 2026, ile ni ya kutuma nyumbani kwa keshi, hii tunaongelea inayokuja.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Naona mzee, naona.

Haraka haraka basi. Kama hukupewa hela, umepewa shamba, mwite mthamini aliyesajiliwa aandike thamani ya siku aliyofariki, karibu na msiba, sio baada ya miaka kumi. Shamba la Kibaha lilikuwa milioni 90 siku mzee anafariki, umekuja kuuza milioni 110, faida yako huku ni ile 20 tu. Huna karatasi ya mthamini, utabishana nao juu ya zile 110 zote. Hiyo peke yake ilistahili dakika ishirini. Raia wa huku wenye wasiwasi wa kumiliki ardhi nyumbani na ile hadhi maalum ya diaspora, hio siku nyingine.

Akaunti ya mirathi Dar yenye jina lako pamoja na ndugu, ikipita dola 10,000 hata siku moja ndani ya mwaka, kuna FBAR, fomu nyingine ya kutoa taarifa ya akaunti za nje, iandikeni.

Mliotoka Uingereza, kwenu ni kinyume: tangu aprili 6, 2025 mtu aliyekaa huko miaka 10 katika 20 iliyopita, akifa kwenye kodi ya mirathi wanahesabu mpaka nyumba yake ya Mbezi, juu ya pauni 325,000 ni asilimia 40, na mkataba wa mambo ya mirathi na Tanzania hawana. Na vijana wetu Dar wanaonunua hisa za Marekani kwenye apu, asiyeishi huku wala sio raia akifa, msamaha wake wa kodi ya mirathi ya huku ni dola 60,000 tu, sio hizo mamilioni mnazosikia za wakaazi, mwambieni mdogo wako ajue...

Haya, basi, nimenyang'anywa. Yule mzee wa kofia kanyoosha mkono tangu niko Kariakoo, mpelekeeni maiki. Shikamoo mzee, karibu.