Walawi 11 uani: watoto, utumbo na mbuzi wa jirani

MAMA IMANI: Bwana Yesu asifiwe, karibuni tena. Niko na Kaka Daudi hapa Tabata, na mkisikia jenereta la jirani mtuvumilie, umeme umekatika. Leo tunazungumzia jinsi ya kuwafundisha watoto nyumbani kuhusu wanyama wa nchi kavu.

KAKA DAUDI: Siku ya sita ya uumbaji. Sasa mtaala ninaotumia nyumbani umetoka Marekani. Fungua somo la wanyama: dubu. Fungua kurasa zinazofuata: rakuni, mnyama mwingine wa huko huko. Wanangu wanajua dubu analala kipupwe kizima, lakini digidigi wakimwona wanasema ni mbuzi mdogo.

MAMA IMANI: Kurasa hizo mimi naziruka. Naanzia Mambo ya Walawi 11, sura inayosema wanyama gani Waisraeli waliruhusiwa kula na gani hawakuruhusiwa.

KAKA DAUDI: Walawi? Kwa mtoto wa miaka saba?

MAMA IMANI: Huyo huyo. Maswali ni mawili tu: kwato zimepasuka? Anacheua? Mtoto anachora jedwali kwenye daftari. Ng'ombe ana vyote viwili. Nguruwe ana kwato zilizopasuka, hacheui. Ngamia anacheua, kwato ndizo zinamtoa. Punda milia hana hata kimoja. Ukija kuangalia, mtoto ameshaanza kuwapanga wanyama kwa makundi na hajakariri kitu.

KAKA DAUDI: Na kucheua kwenyewe unakuonyeshaje? Wangu walidhani ni kutapika.

MAMA IMANI: Subiri mbuzi wa jirani ashibe, alale kivulini. Mwangalie shingo. Anameza, anatulia kidogo, mara unaliona donge linapanda kooni, na taya linaanza kusaga kwa upande. Watoto wangu walikaa pale hadi uji ukapoa.

Halafu nikanunua utumbo wa ng'ombe. Nilimwomba muuzaji asiukatekate wala asiukwangue hadi uwe mweupe, akanitazama kweli! Nikautandaza kwenye sinia uani. Tumbo la kwanza, lile kubwa, limejaa vinyweleo. Ndilo taulo tunalokula kila siku. La pili lina vyumba vyumba kama sega la nyuki, mtoto anaingiza ncha ya kidole kimoja kimoja. La tatu ni majani membamba yaliyopangana, unayafunua moja moja, na katikati bado kuna nyasi zilizosagika. La nne ni laini, lina mikunjo, na hilo ndilo linalotoa asidi kama tumbo letu sisi.

KAKA DAUDI: Hawakuziba pua?

MAMA IMANI: Waliziba, kisha wakasahau. Nikawaambia ng'ombe peke yake haziwezi nyasi, vijidudu vilivyomo kwenye lile tumbo kubwa ndivyo vinavyomvunjia. Mdogo akauliza vijidudu viliumbwa siku ya ngapi. Nikamwambia tuombe, tuoshe mikono. (kicheko) Jioni tukaupika na ndizi.

KAKA DAUDI: Sasa nikubane hapo hapo Walawi. Mstari wa 5 na wa 6, wibari na sungura wanacheua. Mimi nimefuga sungura, tumbo lake ni moja. Mtoto akiniuliza?

MAMA IMANI: Mwambie kama lilivyo. Sungura hana matumbo manne. Ana kinyesi cha aina mbili, na kile laini anakila tena, anakipokea huko huko kinakotokea, ili chakula kipite tumboni mara ya pili. Wibari, yaani pimbi, yule wa kwenye mawe kama yale ya Mwanza, hutafunatafuna hata kama hana kitu mdomoni. Musa alisema na wafugaji waliozoea kumtazama mnyama mdomo. Hakuwa anafundisha madaktari wa mifugo.

KAKA DAUDI: Wapo watakaokwambia huko kurudia chakula ndiko kucheua kwenyewe.

MAMA IMANI: Wapo, na sigombani nao. Ila sitaki mtoto ajifunze kupindisha alichokiona ili amtetee Mungu. Mungu hajaomba wakili kwenye kesi ya sungura.

KAKA DAUDI: Mimi bado hujanishawishi, lakini tusonge. Twiga je?

MAMA IMANI: Kwato zimepasuka, na anacheua. Tena kwa shingo ile unaliona donge likisafiri! Barabara ya Morogoro kwenda Iringa inakatiza ndani ya Hifadhi ya Mikumi, kwa hiyo hata ukiwa kwenye basi la kwenda Mbeya unaweza kumwona dirishani. Na mifupa ya shingo yake ni saba, sawa na yako.

KAKA DAUDI: Kwa hiyo kwa Walawi twiga analiwa?

MAMA IMANI: Kwa Walawi amepita. Kwa sheria za Tanzania unakwenda jela, yule ni mnyama wa taifa. Hapo nikapata somo la uraia bure.

KAKA DAUDI: Basi mimi utumbo nitauacha kwanza, mke wangu hatanielewa. Naanza na mbuzi. Twende saa ngapi?

MAMA IMANI: Saa saba, saa nane mchana, jua likiwa kali na ameshakula. Na umwombe ruhusa mwenye mbuzi kabla. Mkikaa nusu saa mmemkodolea macho mbuzi wa watu na madaftari mkononi, atadhani mnampigia hesabu ya Krismasi.