Ufundi Uliobaki Samoa: Mhadhara kuhusu Matamasha ya Tatuu za Polinesia

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi na ndugu wasikilizaji,

Nimeombwa nizungumze juu ya matamasha ya tatuu yanayoadhimisha urithi wa Wapolinesia, yaani watu wa visiwa vya Bahari ya Pasifiki vilivyotapakaa kati ya Hawaii upande wa kaskazini, Nyuzilandi upande wa kusini-magharibi na Rapa Nui, yaani Kisiwa cha Pasaka, upande wa mashariki. Hoja yangu ni moja. Mtu wa nje akiingia katika ukumbi wa tamasha la namna hii huona soko: vibanda, wachoraji, wateja na kiingilio mlangoni. Mimi nadai kwamba mikusanyiko hii imekuwa mojawapo ya njia kuu zilizourudisha ufundi wa tatuu katika visiwa ulikopigwa marufuku, na kwamba iliweza kufanya kazi hiyo kwa sababu katika funguvisiwa moja, Samoa, ufundi wenyewe haukuwahi kukatika.

Kwanza tujue ukongwe wa jambo tunalolizungumzia. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba vichana vinne vya mfupa vilivyochimbuliwa katika kisiwa cha Tongatapu, nchini Tonga, vina umri wa takribani miaka 2,700. Vichana hivyo ni vifaa vya kuchanjia, na umbo lake linafanana mno na la vifaa ambavyo mafundi wa Pasifiki wanavitumia hadi leo. Huu ni ufundi uliokuwa umekamilika karne nyingi kabla Wazungu hawajaijua bahari ile.

Wamisionari wa Kiprotestanti walipojenga ushawishi kwa watawala wa visiwani, tatuu ilikuwa miongoni mwa mambo ya mwanzo kuwekwa katika orodha ya makosa. Katika Visiwa vya Society, ambako ndiko Tahiti iliko, sheria zilizoandikwa kuanzia mwaka 1819 kwa mwongozo wao ziliifanya kuwa kosa la kuadhibiwa. Tonga ilifuata katika sheria za mwaka 1839. Huko visiwa vya Marquesas mambo yalikuwa machungu zaidi, kwa kuwa pamoja na makatazo ya serikali ya Kifaransa, maradhi yaliyoletwa na wageni yaliwapukutisha watu wenyewe. Jamii iliyokuwa na makumi ya maelfu ilibaki na watu wapatao 2,000 ilipofika miaka ya 1920. Fundi anapokufa bila mwanagenzi, ujuzi wa mkono wake unazikwa pamoja naye.

Samoa nako wamisionari waliipinga desturi hii, lakini haikufa. Ufundi ulikuwa mikononi mwa koo zenye haki ya kurithi, hususan ukoo wa Su'a na ukoo wa Tulou'ena, na kijana wa kiume aliyekusudia kuwatumikia machifu wa familia yake aliendelea kutarajiwa kuwa na pe'a, yaani tatuu nzito inayofunika mwili kutoka kiunoni hadi magotini. Wanawake wana yao, malu, iliyo nyepesi zaidi, inayoshuka mapajani hadi chini kidogo ya goti. Wasamoa wanasimulia kwamba vifaa vililetwa na mapacha wawili wa kike, Taema na Tilafaiga, walioogelea kutoka Fiji wakiimba kwamba wanawake wachanjwe na wanaume wasichanjwe. Njiani walipiga mbizi kufuata kombe la baharini, na walipoibuka wimbo ulikuwa umegeuka. Nawasihi msikipuuze kisa hiki, kwa sababu mafundi wanakitaja kwa heshima wanapoeleza asili ya haki yao, na hakuna tamasha la tatuu la Kisamoa ambalo mgeni atalielewa bila kukijua.

Sasa niwapeleke karibu kidogo. Huko Auckland, Nyuzilandi, mji ambao una Wapolinesia wengi kuliko mji mwingine wowote duniani, nilipata kusimama kando ya mkeka wa fundi mmoja wa Kisamoa. Upande mmoja wa ukumbi mashine za umeme zilinguruma bila kupumzika. Upande wa pili, sakafuni, ulisikika mgongano wa kijiti na kijiti kwa mwendo ule ule, ukisita tu pale fundi alipochovya kifaa chake katika wino. Kijana alikuwa amelala kifudifudi. Wasaidizi wawili, ambao Wasamoa huwaita 'au toso, walikuwa wamepiga magoti huku na huku wakiivuta ngozi yake kwa viganja ikakaza kabisa, kisha wakifuta damu na wino uliozidi, halafu wakivuta tena mahali pengine kabla fundi hajasema neno. Fundi mwenyewe alikaa akiwa amekunja miguu, mkono wa kushoto umeshika 'au, na wa kulia kirungu chembamba kiitwacho sausau.

Hiyo 'au inastahili kutazamwa kwa makini. Ni kichana chenye meno membamba sana, ambacho kwa desturi hutengenezwa kwa jino la nguruwe dume, kikafungwa kwenye kipande cha gamba la kasa, na gamba hilo nalo likafungwa kwenye mpini, hata kifaa kizima kikafanana na jembe dogo. Fundi huwa nazo za upana mbalimbali. Ile pana kabisa ni ya kujazia sehemu zinazotakiwa kuwa nyeusi tii, na ile nyembamba ni ya mistari na vialama vidogo. Wino wa asili ulitokana na masizi ya kokwa zenye mafuta ambazo watu wa visiwani walikuwa wakiziwasha kama taa. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba fundi hakuwa na karatasi ya kunakilia. Aliweka alama chache za kumwongoza, na mchoro uliobaki ulikuwa kichwani mwake.

Jamaa za kijana walikuwa wamemzunguka. Mama mmoja mtu mzima alikuwa akimpepea, na wengine waliimba kwa sauti ya chini kila alipoanza kuuma meno. Watazamaji wengine walidhani ni maonesho yaliyoandaliwa kwa ajili yao, lakini sivyo. Pe'a huanzia mgongoni, juu kidogo ya kiuno, kwa umbo la mtumbwi, na huishia kitovuni. Anayeishia njiani huitwa mwenye pe'a mutu, yaani iliyokatika, na aibu yake huangukia ukoo mzima. Kwa hiyo ndugu wale walikuwa wakilinda heshima yao wenyewe. Ikikamilika hufanyika sherehe ya samaga, ambamo mwenye pe'a hupakwa mafuta ya nazi na manjano, na yai hupasuliwa kichwani pake. Siku mbili tatu za tamasha hazitoshi kumaliza kazi kama hiyo. Kwa kawaida mgeni huona kipande tu cha safari iliyoanza kwingine na itakayomalizikia nyumbani, na ni vema alijue hilo kabla hajaanza kupiga picha.

Je, ufundi huu ulitokaje Samoa ukarudi Tahiti, Tonga na Hawaii? Hapa ndipo matamasha yanapoingia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Tavana Salmon, mtu mwenye asili ya Tahiti, aliwaleta mafundi wa Kisamoa Tahiti, na vijana wa huko wakaona kwa mara ya kwanza kichana kikigongwa juu ya ngozi. Mwaka 1985 Su'a Sulu'ape Petelo, fundi wa Kisamoa wa familia ya Sulu'ape iliyo ndani ya ukoo wa Su'a, alialikwa katika mkusanyiko wa wachoraji wa tatuu mjini Roma. Wachoraji wa Ulaya na Marekani waliokuwa wamezoea mashine walikaa chini wakamtazama mtu aliyerithi kazi yake kutoka kwa baba na babu. Kuanzia hapo mialiko haikukoma. Ndugu yake, Su'a Sulu'ape Paulo, alihamia Auckland, akawa akifanya kazi ya kuajiriwa mchana na kuchora jioni katika nyumba za Wasamoa wahamiaji, na mpigapicha Mark Adams aliiweka kazi hiyo katika picha kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Keone Nunes wa Hawaii, ambako desturi ilikuwa karibu kuzimika, alijifunza kwa Paulo, akarudi kwao kuifufua. Watonga nao walikwenda kwa ukoo huohuo. Paulo alifariki mwaka 1999, lakini kufikia wakati huo mbegu zilikuwa zimekwisha kusambaa.

Marquesas ina kisa cha pekee. Huko hapakuwa na fundi wa kumfuata. Kilichobaki ni vitabu. Mjerumani Karl von den Steinen alifika mwaka 1897 akachora na kupiga picha miili ya wazee waliokuwa bado na tatuu kamili, na juzuu yake kuhusu tatuu ikachapishwa mwaka 1925. Willowdean Handy, mtafiti wa Kimarekani aliyekwenda kule na msafara wa Jumba la Makumbusho la Bishop la Honolulu, alichapisha yake mwaka 1922. Vijana wa Marquesas walifungua kurasa hizo wakaitambua mikono na nyuso za babu zao. Ninavyoona mimi, hili ndilo jambo linalogusa moyo kuliko yote katika historia hii, kwamba kazi iliyofanywa kwa ajili ya majumba ya makumbusho ya mbali iliishia kuwahudumia wajukuu wa watu wale wale. Lakini kitabu humpa mtu mchoro, hakimpi uzito wa mkono. Huo waliupata kwa kukaa pamoja na mafundi wa visiwa vingine, na mahali pa kukutana nao palikuwa kwenye sherehe na matamasha.

Kwa Wamaori wa Nyuzilandi inatupasa kuwa waangalifu zaidi. Moko, yaani tatuu yao, zamani ilichongwa kwa patasi ndogo zilizoacha mifereji katika ngozi ya uso, na kila uso ulieleza nasaba ya mwenyewe. Katika karne ya 19 vichwa vilivyokaushwa vya watu wenye moko viliuzwa kwa Wazungu kama bidhaa, hata gavana wa New South Wales, koloni la Uingereza huko Australia, akalazimika kuipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1831. Mji wa Rouen, Ufaransa, ulirudisha kichwa kimoja mwaka 2011, na Jumba la Makumbusho la Historia ya Asili la New York lilirudisha mkusanyo wake mwaka 2014. Anayejua habari hii hatashangaa Mmaori akimkatalia mgeni kumpiga picha usoni. Wanawake ndio walioihifadhi moko ya kidevuni wakati wanaume wengi walipokuwa wameiacha. Nanaia Mahuta alipata yake mwaka 2016 akiwa mbunge, na mwaka 2020 akateuliwa kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Kwa mgeni anayetamani mchoro wa mtindo wa Kimaori, mafundi wana kirituhi, mchoro usiobeba nasaba ya mtu yeyote.

Wizi wa michoro nao ni jambo la kweli. Mwaka 2013 kampuni ya Nike ilitoa suruali za kubana za wanawake zenye michoro ya pe'a, tatuu ambayo ni ya wanaume. Wasamoa walilalamika, na kampuni ikaziondoa sokoni na kuomba radhi.

Niseme kidogo kuhusu afya. Mfupa na mbao ni vigumu kuvitakasa, na katika miaka ya 1980 mamlaka za afya za Polinesia ya Kifaransa, yenye Tahiti na Marquesas ndani yake, zilivipiga marufuku vifaa vya asili kwa sababu hiyo. Wizara ya Afya ya Nyuzilandi ilichagua njia nyingine, na mwaka 2010 ikatoa mwongozo kwa ajili ya mafundi wa jadi. Mafundi wengi leo hutumia vichana vya chuma vinavyoweza kutakaswa kwa mvuke, na mikeka hufunikwa kwa plastiki. Wapo wanaosikitika kuona hivyo. Mimi sisikitiki, kwa kuwa homa ya ini haijali urithi wa mtu.

Najua pia kwamba miongoni mwetu wamo ambao dini yao haiwaruhusu kuchanja mwili, na sikuja hapa kumshawishi yeyote abadili msimamo. Wengi wenu mmewaona wazee wa Kimakonde wenye chale usoni, na mnajua kwamba vijana wao hawakuziendeleza. Swali la nani ana haki ya kuendeleza au kuacha alama za mababu halikuanza Pasifiki.

Namalizia na mgogoro ambao bado haujatulia. Ukoo wa Sulu'ape umewatunuku jina lake watu wasio Wasamoa, wakiwamo Nunes na Wazungu kadhaa. Wapo Wasamoa wanaosema kwamba jina la ukoo halipaswi kutolewa kwa wageni, nami naheshimu uchungu wao. Hata hivyo naona Paulo na Petelo walikuwa sahihi, kwa sababu jina lile hufunga zaidi kuliko linavyofungua. Aliyelipokea anawajibika kwa ukoo, na akikosea anajulikana ni nani wa kumwita na kumhoji. Nunes amewafundisha wanagenzi wa Kihawaii, na hachori picha anayoletewa na mteja. Humhoji mtu kwanza kuhusu ukoo wake, kisha yeye mwenyewe ndiye anayeamua mchoro. Kwa hiyo mwanafunzi yeyote wa ukumbi huu atakayepata nafasi ya kuhudhuria tamasha la namna hii, akitaka kukaa juu ya mkeka wa fundi wa Kipolinesia, ajiandae kuulizwa majina ya babu na bibi zake kabla hajaulizwa anataka nini, na ajue kwamba fundi ana haki ya kumkatalia.

Ahsanteni. Nipo tayari kwa maswali.