Povu chini ya sakafu, au madumu ubavuni?

REHEMA: Boti ya baba mnaijua, ile ya faiba pale mwaloni Igombe. Wiki hii tumeibandua sakafu. Kaka Nyanda, lile povu la kuifanya ielee ikijaa maji, lote limelowa! Ukilikamua, maji yanachuruzika.

NYANDA: Pole sana dada, na baba mpe pole. Ndiyo maana mimi nasema madumu matupu, yamefungwa vizuri.

REHEMA: Ngoja, madumu tutayafikia. Leo tumeahidi mambo matatu: povu gani, likae wapi, lita ngapi. La kwanza: lile jeupe linalokuja na televisheni kwenye boksi msiliweke botini, petroli inaliyeyusha. Tumieni poliyurethani, ya maji mawili unayochanganya ikaumuka. Ile nyepesi, mita moja ya ujazo ina kama kilo 32, na kwenye maji yasiyo na chumvi kama ya ziwa letu la Victoria inabeba zaidi ya kilo 960.

NYANDA: Na si inasemwa hainywi maji? Ya baba imekunywaje?

REHEMA: Vijitundu vyake vimezibwa kila kimoja peke yake. Lakini maji yakituama juu yake miaka, yanapenya kidogo kidogo. Fundi alifunga sakafu pande zote, hakuacha hata tundu la kutolea maji. Kosa ni la sakafu.

NYANDA: Kosa ni kwamba hamkuona! Dumu unalishika, unalitikisa, unajua. La lita 20 linakuinulia kilo 19 hivi, na mwaloni yamejaa.

REHEMA: Na likitoboka? Kumbuka meli ya MV Bukoba, mwaka 1996, Mungu awarehemu wote. Ilipinduka, ikaelea kwa hewa iliyobaki ndani. Ilipotobolewa, hewa ikatoka, ikazama. Povu ukilitoboa linaendelea kuelea.

NYANDA: Hapo sikubali. Madumu kumi, moja likitoboka yamebaki tisa. Halafu hilo povu lako liko chini kabisa. Boti ikijaa maji, povu la chini linasukuma juu, boti inapinduka, watu wanang'ang'ania tumbo la boti linaloteleza. Kinachoelea kikae juu, ubavuni, chini ya mabenchi, na tezini, kule nyuma, kingi zaidi kwa sababu ya injini.

REHEMA: Kukaa ubavuni nakubali kabisa. Lakini kiwe povu. Dumu lako kamba ikikatika linaelea peke yake kwenda Ukerewe.

NYANDA: Silifungi kwa kamba! Nachukua wavu wa zamani wa sangara, naukunja mara mbili, naupigilia kwenye mataruma, zile mbavu za ndani ya boti, kutoka benchi hadi benchi, madumu yanalala ndani yamebanana. Kifuniko kiangalie juu, chini yake mpira wa tyubu. Wavu ukichakaa unauona, unabadilisha.

REHEMA: Jua linakula plastiki, kaka. Dumu la miaka miwili ubavuni ukilibonyeza linapasuka.

NYANDA: Basi unanunua jingine! Povu la baba mmelitoa kwa sururu.

REHEMA: Kwa sababu ya tundu lililokosekana!

NYANDA: Tundu litaziba kwa magamba ya dagaa.

REHEMA: Litazibuliwa. Jamani, dakika zimekwisha, na hesabu ya lita hatujaigusa.

NYANDA: Wiki ijayo. Ila baba mwambie asirudishie povu.

REHEMA: Jumamosi tunalimimina, ubavuni, na tundu nalitoboa mwenyewe.

NYANDA: Nakuja na madumu.