Chupa ya mahindi: kwa nini burboni yangu ilikataliwa kwenye mahari

Jambo yenu bandugu, jambo Lubumbashi, jambo watu wa Katuba. Leo hakuna taa wala muziki, niko ndani ya gari, nimetoka kazini sasa hivi. Acha nijibu lile swali. Kila nikiweka video, hata nikiongea juu ya kodi ya nyumba, lazima mtu aandike: "Yaya, burboni ni wiski ao si wiski?" Na mwingine chini yake: "Huyo alituma wiski ya mahindi kwenye mahari ya mdogo wake, akaaibisha familia."

Hilo la pili ndilo linaniuma. Wapo watakaosema najivunia kazi ya Marekani, na wapo watakaosema nalia bei ya chupa. Semeni. Mimi nafanya kazi kwenye ghala la mapipa hapa Kentucky. Pipa moja likijaa linapita kilo 200, na mgongo wangu unalijua. Si mnywaji mkubwa, na sikwambii unywe. Nasema ninachokiona kila siku.

Burboni ni wiski. Simba ni bia, Tembo ni bia, lakini ukiagiza Simba ukaletewa Tembo unarudisha chupa. Ndiyo hivyo tu. Tofauti ni nafaka, pipa na nchi, na vyote vimeandikwa kwenye sheria. Ili iitwe burboni itengenezwe Marekani, popote Marekani, si lazima Kentucky. Nafaka yake iwe na mahindi asilimia 51 ao zaidi. Ilale ndani ya chombo kipya cha mti wa mwaloni kilichounguzwa ndani kwa moto. Na usitie rangi, usitie ladha. Maji peke yake ndiyo yanaruhusiwa.

Sasa hapo kwenye mahindi wengi mnakunja uso. Mahindi! Kama vile bukari, ugali wetu, si mahindi. Nkambo wangu, yaani nyanya yangu, alipika lutuku, pombe kali ya kienyeji, Katuba miaka mingi, na ndiyo iliyolipa shule ya mama yangu. Alilowesha mahindi, akayafunika mpaka yaote, akayaanika, akayasaga, akachanganya na muhogo, akaacha yachachuke siku kadhaa, ndipo akaweka kwenye pipa la chuma juu ya moto, mvuke ukapita kwenye bomba ndani ya maji baridi, ukatoka tone kwa tone. Polisi wakipita, alificha. Nilipofika huku nikaelezwa kwamba burboni inatiwa kimea cha shayiri, yaani shayiri iliyooteshwa, kwa sababu nafaka ikiota inapata nguvu ya kugeuza unga wake kuwa sukari, na sukari ndiyo inageuka kuwa pombe. Nilisimama pale nikamkumbuka nkambo. Hakusoma, lakini alijua kwamba mahindi lazima yaote kwanza. Tunamdharau mama wa lutuku, kisha tunauza mbuzi tununue chupa yenye picha ya farasi.

Sisemi lutuku ni sawa na burboni. Lutuku inatoka motoni inaenda kwenye kikombe, na hakuna anayeipima. Burboni nayo ikitoka motoni ni nyeupe kama maji. Rangi yote ile, na ile harufu ya vanila na sukari iliyoungua, vinatoka kwenye mbao. Joto la Kentucky likipanda, pombe inaingia ndani ya mbao. Baridi ikija, inatoka. Nyingine inapotea hewani, huku wanaiita sehemu ya malaika. Na pipa likishatumika, halirudii tena burboni. Linauzwa, na mengi yanavuka bahari kwenda Uskoti, wanalazia wiski yao humo.

Kwa hiyo wale wakwe wa mdogo wangu waliokataa chupa yangu wakisema "tuletee wiski ya kweli, ya Uskoti", huenda hiyo waliyoitaka ililala kwenye pipa la watu wa huku. Ya Uskoti lazima ilale miaka 3 ao zaidi, na sheria yao inaruhusu kutia rangi ya karameli. Ile ya kimea peke yake ni ya shayiri. Nyingine ina moshi, kwa sababu shayiri inakaushwa kwa udongo wa kinamasi unaochomwa. Red Label mnayoijua ni mchanganyiko wa wiski za kimea na za nafaka nyingine. Ya Ayalandi mara nyingi inapikwa mara tatu, ndiyo maana inateremka laini. Jack Daniel's ni ya Tennessee, inachujwa kwenye makaa ya mti wa mepo kabla ya kuingia kwenye pipa, na wenyewe hawaiiti burboni.

Walisema tena: "Haina miaka kwenye karatasi, ni ya jana." Someni karatasi vizuri. Iliandikwa "Straight", maana yake miaka 2 ao zaidi. Na ikiwa chini ya miaka 4, sheria inalazimisha umri uandikwe. Haukuandikwa, basi ilifika 4. Na ile namba 90 kwenye karatasi si digrii za kuua mtu. Wamarekani wanahesabu mara mbili. Gawa kwa 2, ni asilimia 45.

Mimi nililipa dolari 42. Posta ya huku haipokei pombe, kwa hiyo nilimpa ndugu aliyesafiri, nikamlipa 60 za nafasi kwenye sanduku. Kwenye forodha akaombwa 20, bila risiti. Ningekuja mwenyewe, lakini hati yangu ya safari ilikwama miezi kumi na moja. Kila nikipiga simu naambiwa faili inashughulikiwa. Mdogo wangu akaoa nikimwona kwenye simu. Chupa ikarudishwa, tukanunua nyingine mjini kwa dolari 85, nazo nilizituma mimi. Halafu ndiyo nasikia nimeaibisha familia.

Wengine huku walituma ya Uskoti tangu mwanzo wakaishi kwa amani. Kila mtu na wakwe zake, usinifuate mimi.

Mama, najua unatazama. Ile chupa bado iko kabatini, na mnasema iachwe ikomae. Haikomai. Wiski inakua ndani ya pipa tu. Ikishaingia kwenye chupa, umri umesimama. Mwite tonton, mfungue. Na kabla hajaonja, mumwagie nkambo kidogo chini.