Siku 29 za Xbox One: Kwa Nini Kauli ya Kwanza ya Wachezaji Isipuuzwe

Ndugu wasikilizaji, suala la leo nimelizungumzia mara nyingi, na nitaendelea kulizungumzia hadi watengenezaji wa mashine za gemu waache kulijibu kwa neno moja, kwamba wachezaji "watazoea". Mashine mpya inapooneshwa hadharani, haziishi saa chache kabla wachezaji hawajatoa maoni yao kwa wingi na kwa ukali, na kila mara hujitokeza mtu wa kutuambia kwamba hizo ni hasira tupu za watu ambao hawajaishika mashine yenyewe. Mimi nasema kauli hizo ni za aina mbili, na kosa letu ni kuzitia katika kapu moja. Mchezaji anapohukumu jina au umbo la mashine ambayo hajaigusa, anabahatisha. Anapohukumu masharti, yaani bei, umiliki na ruhusa ya kuazimana, hana haja ya kuigusa, kwa sababu masharti husomwa, naye amekwisha kuyasoma.

Mfano wangu ni ule ule wa mwaka 2013, na wanaoujua wanivumilie, kwani kila ninapousimulia huwakuta watu wanaoukumbuka nusu tu. Tarehe 21 Mei mwaka huo Microsoft iliionesha mashine yake mpya ya gemu, Xbox One, kwa mara ya kwanza. Wachezaji waliketi wakingoja gemu, lakini sehemu kubwa ya onesho ilikwenda kwenye televisheni: namna ya kuiamuru kwa sauti, namna ya kuhama kutoka chaneli hadi filamu, namna ya kufuatilia ligi. Walikereka, ila kukereka huko kulikuwa bado ni suala la ladha. Jambo zito lilikuja masharti yalipoanza kujulikana, na tarehe 6 Juni kampuni yenyewe ikayaandika waziwazi. Mashine ingepaswa kuunganishwa na intaneti angalau mara moja katika kila saa 24, la sivyo gemu zisingechezeka, hata ile ya kucheza peke yako, hata ile uliyoinunua kwenye diski. Kumpa rafiki gemu yako kungewezekana mara moja tu, tena kwa rafiki aliyekaa katika orodha yako kwa siku zisizopungua 30. Kuiuza ikiwa imetumika kungetegemea ridhaa ya mchapishaji, yaani kampuni iliyoitoa gemu hiyo.

Tuyatazame masharti hayo kwa jicho la mchezaji. Aliyenunua diski amezoea kwamba ni yake: leo anacheza, kesho anamwazima nduguye, na akishaimaliza anaiuza ili fedha hiyo imsaidie kununua inayofuata. Wengi hukubali bei kubwa ya gemu mpya kwa sababu wanajua sehemu ya fedha yao itarudi. Ukimwondolea haki hiyo umempandishia bei bila kuitaja. Wanajeshi na mabaharia, ambao hukaa muda mrefu bila intaneti, waliuliza wao watacheza vipi. Don Mattrick, aliyekuwa akisimamia shughuli za Xbox, alijibu kwamba kwa asiyeweza kuunganishwa ipo mashine nyingine, nayo ni Xbox 360. Nawaomba mlipime jibu hilo. Mtu anakueleza kwamba mashine yako mpya inamfungia mlango, nawe unamwelekeza kwenye mashine iliyotoka mwaka 2005!

Tarehe 10 Juni, katika E3, maonesho makubwa ya gemu mjini Los Angeles, Microsoft ilitangaza bei ya dola 499. Jioni ya siku hiyo hiyo Sony ilipanda jukwaani na kusema kwamba mashine yake mpya, PlayStation 4, haitaweka kizuizi chochote kipya kwa diski zilizotumika, wala haitadai kuunganishwa na intaneti kila siku, na ukumbi mzima ukalipuka kwa shangwe hata kabla bei ya dola 399 haijatajwa. Nataka mpangilio huo ukumbukwe: shangwe ya umiliki ilitangulia shangwe ya bei. Sony ilitoa pia video ya sekunde chache inayofundisha namna ya kuazimana gemu, ambamo mtu mmoja anampa mwenzake kasha la diski, mwenzake anashukuru, na somo limekwisha. Tarehe 19 Juni Microsoft iliyaondoa masharti hayo yote, la saa 24, la kuazimana na la kuuza diski iliyotumika. Tangu mashine ilipooneshwa hadi siku hiyo zilikuwa zimepita siku 29, na hakuna mchezaji hata mmoja aliyekuwa ameinunua. Kamera iliyolazimishwa kuuzwa pamoja na mashine, ambayo nayo wachezaji waliilalamikia tangu mwanzo, ilifanywa ya hiari mwaka uliofuata, na bei ikashuka hadi dola 399.

Sasa huwa ninaambiwa kwamba Microsoft iliona mbali, kwa kuwa siku hizi gemu nyingi hununuliwa kwa kupakuliwa na hazina diski ya kumwazima mtu. Hoja hii nimechoka kuisikia. Anayenunua kwa kupakua ameyakubali masharti hayo kwa hiari yake, ilhali mpango wa 2013 ulitaka kumwekea masharti hayo hayo hata yule aliyechagua diski ili ayakwepe.

Wengine hunitajia Wii, mashine ya Nintendo. Ni kweli kwamba Nintendo ilipotangaza jina hilo mwezi Aprili 2006, wachezaji wengi walilicheka, na ni kweli kwamba mashine hiyo iliuzwa zaidi ya milioni 100. Lakini waliocheka walicheka jina. Tangu mwanzo nimesema kwamba hapo mchezaji hubahatisha, kwa hiyo mfano huo unaniunga mkono. Afadhali wangenitajia bei, kwa sababu kwenye bei kuna ushahidi pia: Nintendo 3DS, mashine ya kushika mkononi, ilitoka Marekani mwezi Machi 2011 kwa dola 249.99, wachezaji wakasema ni ghali, na kabla miezi 6 haijatimia ilikuwa dola 169.99.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la Switch 2, mashine nyingine ya Nintendo. Mwezi Aprili 2025 Nintendo iliitangazia bei ya dola 449.99, na gemu ya Mario Kart World dola 79.99. Watazamaji wa matangazo ya moja kwa moja waliandika "shusheni bei" mfululizo, skrini ikajaa. Mashine ikaingia sokoni tarehe 5 Juni, na katika siku 4 ziliuzwa zaidi ya milioni 3.5. Basi wanasema: mnaona, walipiga kelele kisha wakapanga foleni. Nami nauliza, tangu lini mtu kulipa bei kukawa ushahidi kwamba bei ni ya haki? Hofu yao kubwa ilikuwa kwamba dola 79.99 ingegeuka kuwa kawaida. Mwezi Mei Microsoft ilitangaza kwamba baadhi ya gemu zake mpya zingeuzwa kwa bei hiyo hiyo, na mwezi Juni ikaitaja The Outer Worlds 2 kuwa ya kwanza. Mwezi Julai, baada ya malalamiko, ikairudisha gemu hiyo kwenye dola 69.99. Waliopiga kelele hawakupoteza muda wao.

Nilikusudia kueleza habari ya Wii U, mashine iliyoifuata Wii, ambayo ilipooneshwa mwaka 2011 wengi walidhani ni padi mpya ya Wii ya zamani, ila muda hauniruhusu. Niseme tu kwamba mkanganyiko huo ulikuwa taarifa ya bure kwa mtengenezaji, na kwamba mashine hiyo iliishia kuuzwa takriban milioni 13.5.

Bado kuna kadi za ufunguo za Switch 2. Unanunua kasha, ndani kuna kadi, lakini kadi haina gemu. Ina ruhusa ya kuipakua kutoka kwenye seva za mtandaoni. Ni kweli kwamba unaweza kuiazimisha au kuiuza. Lakini mwezi Machi 2023 Nintendo ilifunga mauzo katika duka la mtandaoni la 3DS na Wii U, na ingawa waliokwisha kununua waliachiwa njia ya kupakua tena, wachezaji wanataka kujua njia kama hiyo itawekwa wazi kwa miaka mingapi kwa mwenye kadi. Waliuliza hivyo Aprili 2025, miezi miwili kabla mtu yeyote hajainunua mashine yenyewe.