Picha zilizobaki mu saloni

Jambo yenu wababa na wamama, na nyie wanafunzi mliokaa chini sababu viti vimeisha. Asanteni kufika na jua hili.

Hii katalogi ninayoinua, nzito kama tofali, ni ya maonyesho ya Beauté Congo, yale André Magnin alipanga kule Paris, Fondation Cartier, mwaka 2015. Kazi karibu 350 za wachoraji na wapiga picha wa Kongo, kuanzia 1926 mpaka 2015, miaka karibu tisini ndani ya nyumba moja. Mtu akisikia uchoraji wa Kongo anawaza Kinshasa, anawaza Chéri Samba na Moke, na wale wamo kweli, wanastahili. Lakini angalieni ile 1926. Ile si Kinshasa, ile ni Bukama, kwetu Katanga.

Kule Bukama Mbelgiji mmoja, Georges Thiry, aliona nyumba za udongo zimechorwa kutani, akamkuta Albert Lubaki, mchongaji wa pembe za ndovu, akampa karatasi na rangi za maji, na mke wake Antoinette naye akachora. Mwaka 1929 karatasi zile zilishaonyeshwa Brussels. Sasa nyumba zenyewe ziko wapi? Mvua ilizinyesha, ukuta ukatitia, watu wakajenga ingine, njo maana leo tunamjua Lubaki wa karatasi tu. Kilichosafiri njo kilipona, na maonyesho makubwa ya namna hii yanajengwa na vile vilivyosafiri.

Katikati ya katalogi mko hapa hapa mjini, Lubumbashi. Mwaka 1946, bado panaitwa Elisabethville, Mfaransa Romain-Desfossés alifungua atelie yake, karakana ya kuchora, akakataa kuwafundisha vijana kuchora kama Ulaya, kila mtu atafute mkono wake. Pilipili Mulongoy akapata samaki na ndege, nukta juu ya nukta mpaka karatasi yote imejaa. Mwenze Kibwanga akapata mistari mifupi mifupi iliyolala upande mmoja, ukiisogelea utasema ni mkeka. Bela yeye hata burashi hakushika, alichora na ncha za vidole, na mi kila nikifika ukurasa wake ninaweka kidole changu juu ya alama yake, siwezi kujizuia. Na mbele kuna Sammy Baloji, mtoto wa hapa, ambaye katika Mémoire ya 2006 alikata watu kutoka picha za zamani za kikoloni akawasimamisha mbele ya mashini zilizokufa za Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi. Baba yangu alifanya kazi Gécamines. Alipoiona alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, hawa ni wababa zetu.

Sasa ninafika kwenye jambo lililonileta. Wale wa miaka ya sabini mnakumbuka, saloni, chumba cha kupokea wageni, ya mfanyakazi wa mitaa yetu ya Katuba ama Kenya haikukosa picha ukutani. Ilikuwa mamba muntu, yule nguva nusu mtu nusu samaki, ama ilikuwa Colonie belge, yaani koloni ya Mbelgiji. Ya kwetu ilikuwa Colonie belge. Mfungwa amelala tumbo chini, askari mweusi wa kofia nyekundu ameinua fimbo, muzungu na kiko chake anaangalia, bendera ya Mbelgiji juu, na pembeni wamama wameleta chakula cha wafungwa. Ilichorwa juu ya mfuko wa unga, ukiigeuza nyuma unasoma maandishi ya kinu. Mgeni akiingia, baba alianza kwenye zile sahani za wamama, anamwambia huyu ni kama mama yangu, alikuwa anatembea na sahani hivi hivi, na hadithi inaenda mpaka usiku.

Hiyo njo tulikuwa tunaita ukumbusho. Picha haikuwa ya kupendeza ukuta, ilikuwa ya kufungua mdomo wa mtu. Tshibumba Kanda-Matulu, aliyekuwa anauza kazi zake hapa mjini, alichora historia ya Zaïre yote namna ile, na zaidi ya picha mia moja za historia ile ziko pamoja leo kwa sababu Johannes Fabian, profesa aliyekuwa anafundisha hapa, alizinunua na akarekodi Tshibumba mwenyewe akizieleza kwa Kiswahili. Tshibumba alipotea mwanzoni mwa miaka ya themanini, lakini sauti yake ilibaki na picha zake.

Ya kwetu haikubaki. Mwaka mmoja mishahara haikutoka, mnunuzi akapita na makuta kidogo, baba akaitoa. Kama iko ukuta fulani mbali, hakuna anayejua zile sahani ni za nani, na hilo linaniuma kuliko bei.

Kwa hiyo ninawaomba kabisa. Aliye na picha nyumbani, hata imetoboka, hata panya wamekula kona, apige foto mbele na nyuma, kisha akae na mzee wa nyumba, simu irekodi, amuulize huyu ni nani, huyu ni nani. Mje nazo jumamosi ijayo saa tisa, hapa hapa. Mi nitaleta meza ndefu na waya wa kuchaji simu.